Supu Nzito ya Krimu au Nazi: Namna ya Kuihifadhi, na Namna ya Kujua Imeshachacha

Supu haiharibikii kwenye friji. Inaharibikia juu ya jiko lililokwisha kuzimwa, mfuniko ukiwa juu yake, nyumba nzima imelala. Friji hupokea tu kitu kilichokwisha kuharibika, halafu ndiyo inayobebeshwa lawama.

Haya nimejifunza kwa aibu. Desemba moja tulipika supu ya kuku yenye krimu, sufuria ya lita 8, na wageni wakaja wachache kuliko tulivyotegemea. Saa 4 usiku nusu sufuria ilikuwa imebaki. Joto la Dar es Salaam la Desemba mnalijua. Shangazi akasema, "Iacheni ipoe kwanza, kitu cha moto kinaua friji. Asubuhi mtaipasha." Ikaachwa jikoni na mfuniko wake. Saa 12 asubuhi nilishika ubavu wa sufuria nikaukuta bado vuguvugu, na mjinga mimi nikafurahi, nikaona imejitunza. Harufu nzuri, rangi nzuri, ladha ile ile ya jana. Tukaichemsha hadi ikatokota, tukanywa na mkate. Kufika saa 4 asubuhi watu watatu tulikuwa tunatapika kwa zamu, na shangazi ndiye aliyetangulia.

Ule uvuguvugu ndio uliotuponza.

Kwa nini supu hii si kama supu ya mbuzi

Kwetu ukitaja supu, mtu anawaza bakuli la mbuzi au makongoro, mchuzi mwepesi, ndimu na pilipili pembeni, chapati mbili. Supu ya kusaga, ile ya boga, ya uyoga, ya viazi au ya kuku iliyokolezwa krimu, imeingia majumbani juzi juzi kupitia hoteli, kumbi za harusi na video za mapishi. Tumejifunza kuipika, lakini namna ya kuitunza tumeiacha ile ile ya supu ya mbuzi.

Supu nyepesi ukiizima huzunguka yenyewe ndani ya sufuria, ya moto ikipanda na iliyopoa ikishuka, hivyo joto hutoka upesi. Supu nzito hukaa kama uji. Juu kunaweka utando, pembeni kunapoa, katikati moto umejificha. Aliyewahi kuungua ulimi kwa uji aliodhani umepoa anajua ninachosema.

Kingine ni vilivyomo ndani. Maziwa, krimu na tui la nazi vina maji, sukari kidogo, protini, na karibu havina uchachu wowote wa kuwazuia bakteria. Supu ya nyanya au mchuzi wa ukwaju una ukali wake unaosaidia kidogo. Supu ya boga na krimu haina kinga yoyote. Wapishi wa Pwani wanalijua hili zamani kwa upande wa nazi: kamua tui asubuhi, liache mezani bila kulipika, jioni litakujibu lenyewe kwa harufu. Kwa hiyo karibu yote nitakayosema kuhusu krimu yanahusu pia muhogo wa nazi, kunde za nazi na mchuzi wa samaki wa nazi. Pale vinapotofautiana nitasema.

Nyuzi 5 na nyuzi 60

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2. Katikati ya namba hizo mbili bakteria huzaana. Juu ya 60 wengi hawawezi kukua, chini ya 5 wengi hukua polepole sana. Mwongozo wa Marekani unaongeza kwamba hewa ikizidi nyuzi 32, muda huo unashuka hadi saa 1. Jiko la nyumba ya kawaida Dar, Mombasa au Tanga, mchana wa kiangazi, moto umewashwa na dirisha ni moja, linafika hapo bila shida. Kwa hiyo huku kwetu mimi nahesabu saa 1.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Bakteria mmoja anayegawanyika kila dakika 20, baada ya saa 7 amekuwa zaidi ya milioni 2. Na supu iliyolazwa jikoni hukaa kwenye joto wanalolipenda karibu usiku kucha.

"Lakini si tuliichemsha asubuhi?" Swali hili nililiuliza nikiwa nimeinamia ndoo. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, baadhi ya bakteria wana hali ya kujifunga kama mbegu kavu, na kuchemka kwa kawaida hakuiui. Supu inapopoa polepole, mbegu hizo huamka. Clostridium perfringens ni mmoja wao, na sufuria kubwa za nyama na mchuzi mzito ndizo makazi yake mashuhuri. Bacillus cereus ni mwingine, huyu anapenda wanga: wali, tambi, viazi, unga wa kuzidishia uzito wa supu. Pili, Bacillus cereus na mwenzake Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi ya mikono yetu, hutoa sumu ndani ya chakula. Ukichemsha, bakteria wanakufa, sumu inabaki. Moto hauifuti. Ndiyo sababu supu yetu ilitokota vizuri kabisa na bado ikatuangusha baada ya saa chache.

Hatua ya kwanza: chota kabla ya krimu

Uhifadhi unaanza jikoni, kabla hujazima moto. Ukijua supu itabaki, igawe mara mbili wakati bado haina krimu wala maziwa. Yaani pika boga lako na kitunguu, saumu na mchuzi wa mifupa, saga, kisha chota kiasi cha kuweka akiba. Kinachobaki kwenye sufuria ndicho unachotia krimu na kupakua. Ile akiba inapoa upesi, inaganda vizuri kwenye friza, na siku ya kuila utaitia krimu mbichi ikiwa na ladha ya leo. Kwa nazi ni hivyo hivyo: chemsha kunde au muhogo kwa tui la pili, lile jepesi, ugawe akiba, na tui zito ulitie kwenye sehemu ya kuliwa tu.

Hakuna hatua itakayokupunguzia kazi kuliko hii. Ukiishika peke yake na kusahau nyingine mbili tatu, bado umefanya kitu. Ila msije mkanielewa vibaya: ile akiba bila krimu nayo ni chakula kilichopikwa, nayo lazima ipozwe haraka.

Wakati wa kupakua tumia upawa mmoja ambao hakuna mtu anayeuonjea. Kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye sufuria, na supu iliyobaki kwenye bakuli la mtu isirudishwe, hata kama ni bakuli la mtoto aliyeonja kidogo tu. Mate yana bakteria wake na vimeng'enya vyake. Supu iliyokolezwa wanga ikichanganyika na mate hulegea kuwa maji maji ndani ya muda mfupi, na mama wengi waliobakiza uji wa mtoto wameshaliona hili bila kujua sababu.

Hatua ya pili: kupoza

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunashindwa.

Mwongozo wa chakula wa Marekani unaofuatwa na majiko ya hoteli nyingi unataka chakula kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria ya lita 8 iliyofunikwa haiwezi. Haiwezi hata ukiisukuma nzima nzima ndani ya friji, ambako itapasha moto maziwa na nyama za jirani zake huku katikati yake bado inaunguza.

Fanya hivi. Toa mabakuli au vyombo vipana vyenye kina kifupi, vya bati au vya plastiki ngumu ya chakula. Mimina supu isizidi kina cha sentimita 5, ambacho ni kama urefu wa kidole gumba changu. Chukua beseni, weka maji na barafu, kalisha vyombo humo, maji yafike nusu ya ubavu wa chombo na yasiingie ndani. Kama huna barafu nyumbani, duka la mtaani linalouza barafu za maji halikosekani, mbili tatu zinatosha. Koroga supu kwa mwiko safi kila baada ya dakika chache, ukichota kutoka katikati kuja pembeni. Usiifunike kwa mfuniko mzito wakati huu, iwekee juu kitambaa chepesi au kawa ili nzi wasitue.

Ukiwa na lita nyingi na vyombo vichache, kuna mbinu ya wapishi wa hoteli: chupa ya plastiki iliyojazwa maji, ikagandishwa, ikaoshwa vizuri kwa nje kwa sabuni na maji ya moto, unaikorogea supu kama mwiko. Inapoza kutoka ndani huku beseni likipoza kutoka nje. Mara ya kwanza nilipoifanya hii nyumbani, mama mkwe alisimama mlangoni akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni dawa au ni mapishi?" Supu ya lita 4 ilikuwa imepoa ndani ya kama nusu saa.

Dalili kwamba iko tayari kuingia friji: chombo unakishika kwa viganja vyote viwili bila kuhisi moto. Ingiza ikiwa haijafunikwa kabisa, mfuniko umekaa upande, na baada ya saa 1 hivi funga kabisa. Ukifunga ingali inatoa mvuke, mvuke utageuka matone yatakayorudi juu ya supu, na joto litabaki ndani.

Na ile hofu ya shangazi kwamba kitu cha moto kinaua friji? Ina chembe ya ukweli kwa sufuria nzima ya moto, hasa friji ndogo. Lakini vyombo viwili vya supu ya vuguvugu, friji inavimudu. Kati ya friji kufanya kazi kidogo zaidi na familia kutapika, mimi nachagua umeme uliwe.

Hatua ya tatu: ndani ya friji

Friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha ndani, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzi joto, ni nguvu tu ya kupoza. Nunua kipimajoto cha friji, kiweke ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kisome asubuhi kabla mlango haujaanza kufunguliwa. Wengi hushtuka wakikuta nyuzi 9 au 10, hasa nyumba zenye watoto wanaofungua friji kutazama kama kuna kilichobadilika tangu dakika tano zilizopita.

Supu ikae rafu ya ndani, siyo mlangoni. Nyama mbichi na samaki wabichi wakae chini yake, damu isije ikadondokea kwenye chakula kilichoiva. Bandika kipande cha karatasi chenye siku: "boga, Jumanne usiku". Kumbukumbu ya kichwa haitoshi, kwa sababu kila mtu nyumbani atakuambia supu ni ya "jana".

Siku 3 hadi 4 ndizo zinazoshauriwa kwa supu iliyopozwa sawasawa. Yangu mimi ni 3 kwa kuku, boga na uyoga, na 2 kwa chochote chenye samaki, kamba au pweza ndani ya tui. Hiyo ya 2 ni msimamo wangu wa jikoni tu, lakini sijaujutia.

Friza, na supu inayotoka imekatika

Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri supu inabaki salama muda mrefu, ila ladha na uzito wake vinaanza kushuka baada ya miezi 2 au 3. Tatizo la supu ya krimu huko ni sura. Ikiyeyuka inatoka na maji upande mmoja na vibonge vyeupe upande mwingine. Barafu imevunja muungano wa mafuta na maji, na wanga wa unga wa ngano au wa mahindi umeachia maji uliyokuwa umeyashika. Viazi vinakuwa kama mchanga mdomoni. Supu ya namna hii haijaharibika. Ipashe taratibu na uipige blenda, au uikoroge kwa nguvu na krimu kidogo mbichi, itarudi kwa sehemu kubwa. Maziwa ya kawaida hukatika zaidi ya krimu, kwa sababu krimu ina mafuta mengi na protini kidogo.

Gandisha kwa vipimo vya mlo mmoja. Mfuko wenye zipu uliolazwa bapa juu ya sinia huganda upesi na kuyeyuka upesi, na baadaye unaisimamisha kama vitabu. Acha nafasi ya kama sentimita 2 juu kwenye chombo kigumu, supu hutanuka ikiganda, na chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni hupasuka. Kuyeyusha, hamishia friji usiku uliotangulia. Ukiwa na haraka, itoe kwenye mfuko ukaitie moja kwa moja kwenye sufuria yenye maji kidogo, moto mdogo. Usiiache juu ya meza kutwa nzima ikiyeyuka.

Umeme ukikatika

Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hushika kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Sharti ni mlango usifunguliwe, maana kila mtu atataka kufungua "kuangalia tu". Umeme ukikosekana zaidi ya saa 4, supu ya krimu iliyokuwa friji itupwe, isipokuwa ulihamishia kwenye boksi lenye barafu na ikabaki baridi kweli.

Kwa wanaosafiri: gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi 200, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukute sarafu iko juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta imezama hadi chini, friza iliyeyuka yote ukiwa haupo na ikaganda tena, na supu iliyomo imefuata safari hiyo hiyo.

Kupasha

Pasha kiasi cha kuliwa tu, sufuria nzima ibaki kwenye baridi. Supu ifike nyuzi 74 katikati, na kama huna kipimajoto, itokote pote, siyo pembeni tu, huku unakoroga kufika chini. Krimu haipendi moto mkali na huenda ikakatika kidogo, na tui hivyo hivyo. Acha likatike. Blenda itarekebisha sura.

Maikrowevu hupasha kwa madoa: hapa inachemka, pale ni baridi. Funika, pasha nusu ya muda, koroga, malizia, halafu iache dakika 2 itulie kabla ya kupeleka mezani. Iliyopashwa ikabaki, usiirudishe tena friji.

Hotpoti inatunza moto, haitengenezi moto. Isuuze kwanza kwa maji yanayochemka, mimina, kisha tia supu iliyotoka kutokota, ijaze, uifunge. Ukitia supu ya vuguvugu umeitengenezea bakteria kitanda chenye blanketi. Hili hutokea sana Ramadhani. Kilichopikwa kwa futari saa 12 na nusu jioni kinawekwa hotpoti kisubiri daku ya saa 10 alfajiri, zaidi ya saa 9. Hotpoti ya kawaida haishiki nyuzi 60 muda wote huo, hasa ikifunguliwa kila anapopita mtu. Chakula cha daku kipozwe mara baada ya futari, kiingie friji, kipashwe wakati wa kuamka.

Asiye na friji

Ushauri wa kweli hapa ni mfupi: usiilaze. Pika ya kuisha, mpelekee jirani bakuli kabla ya saa 3 usiku na wala si baada ya kulala nayo. Najua nyumba nyingi huchemsha sufuria usiku kabla ya kulala na tena alfajiri, na zimefanya hivyo miaka. Kwa mchuzi mwepesi wenye ndimu na chumvi nyingi mara nyingi wamebahatika. Kwa supu ya krimu au nazi, zile mbegu na ile sumu nilizozitaja hazijali kwamba umeichemsha mara mbili.

Imeharibika, au imebadilika tu?

Watu hutupa supu nzima kwa sababu ya sura, halafu hula mbaya kwa sababu inanukia vizuri. Nilishawahi kumwaga mchuzi wa nazi wa mama mkwe, uliokuwa friji usiku mmoja tu, kwa sababu juu ulikuwa na gamba jeupe gumu nikadhani ni ukungu. Yalikuwa mafuta ya nazi. Huganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo friji yoyote itayagandisha. Alinihesabia nazi tatu nilizomwaga, moja moja.

Basi yafuatayo hayamaanishi ubovu yenyewe kwa yenyewe: gamba la mafuta meupe au ya njano linaloyeyuka ukipasha, maji yaliyojitenga juu, vibonge laini baada ya friza, supu kuwa nzito kama ugali mwepesi, kwa sababu wanga umekaza, utando juu ya maziwa, na krimu iliyokatika mara tu ulipotia ndimu au nyanya, ukiwa umesimama unaona.

Haya ndiyo ya kutupa bila mjadala. Harufu kali ya kuchacha, au harufu inayofanana na maziwa mgando kwenye supu ambayo haikutiwa maziwa mgando. Povu dogo dogo na mapovu yanayopanda ilhali supu ni baridi. Mfuniko uliovimba, au unaotoa sauti ya hewa unapoufungua. Utelezi: chovya kijiko kisafi, inua, ukiona inavuta uzi kama mlenda na haikuwa na bamia, imekwisha. Madoa ya ukungu ya kijani, kijivu, meusi au ya waridi. Ukungu kwenye supu haukwanguliwi, kwa sababu ndani ya kitu cha majimaji nyuzi zake na sumu zake husambaa usipoona. Na kama ni supu ya kopo la dukani, kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono lisifunguliwe kabisa. Huko kunaweza kuwa na sumu ya botulinum, inayopooza misuli. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kuifungia supu ya krimu kwenye chupa nyumbani ukaiweka kabatini kama jemu. Jemu ina sukari na uchachu, supu haina.

Usionje ili kujua. Kijiko kimoja kinatosha kuleta ugonjwa, na ulimi hauna habari na sumu isiyo na ladha.

Juu ya dalili zote hizi kuna saa. Pua huwatambua bakteria wanaochachisha, na hao mara nyingi si wale wanaolaza watu kitandani. Supu yetu ya Desemba ilinukia vizuri kuliko chakula chochote nilichopika mwaka ule. Kwa hiyo ukijua ilikaa nje usiku kucha, jibu umeshalipata, huna haja ya kuinusa.

Kwa mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa ugonjwa au dawa, kaza zaidi: supu ya leo au ya jana tu, itokote kabisa. Listeria, bakteria anayeweza kuharibu mimba, ana tabia mbaya ya kuendelea kukua hata ndani ya friji.

Kama mtu ameshakula

Kutapika kwa ghafla ndani ya saa 1 hadi 6 mara nyingi ni ile sumu, na huwa kunapita ndani ya siku moja. Maumivu ya tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24 ndiyo namna ya perfringens. Kinachohitajika zaidi ni maji mwilini. Tumia pakiti ya ORS kama ipo. Kama haipo, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Mpeleke hospitali akiona damu kwenye choo, homa kali, hawezi kushika hata maji, hapati mkojo, anaona vitu viwili viwili au ulimi unakuwa mzito, na kwa mtoto mdogo usisubiri dalili ziwe nyingi.

Kuitupa

Supu ya krimu usiimwage kwenye sinki, mafuta yataganda kwenye bomba. Itie kwenye mfuko au chombo cha kutupa, funga, ipeleke kwenye taka siku ile ile, na usimpe paka wala kuku, nao wana matumbo. Chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, hasa mpira wa mfuniko, uutoe na kuusugua pembeni mwake, maana humo ndimo harufu hujificha. Chombo cha plastiki kilichokwaruzwa sana na bado kinanuka baada ya kuanikwa juani, kigeuze cha kuwekea vibanio vya nguo. Changu cha Desemba ile kiko kwenye kamba hadi leo.